Mwaka wa Vitanda Viwili

Skola tumemzika Jumanne, na mimi sikulia. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, nikajitanda kitenge, nikayasubiri machozi, hayakuja. Aliyelia ni mwanangu Felista. Mtu mzima, mwanamke wa kuitwa bibi kesho kutwa, alilia mpaka wakamshika mabega, anaita mbele ya kijiji kizima, "Mama mkubwa! Mama mkubwa wee, unaniachia nani?" Nami nimekaa pale pale, mzima, masikio yanasikia, macho yanaona. Unaniachia nani! Ningekuwa na magoti ya zamani ningesimama nikamjibu kwa niaba ya marehemu: amekuachia mimi, mama yako, sijaenda popote. Lakini msibani mtu husema mengi, na mzee kama mimi akianza kugombania maiti watu watasema amechanganyikiwa. Nikanyamaza, nikameza. Kumeza nimezoea. Kwa Skola nimemeza tangu nikiwa na meno yote.

Yeye aliolewa na Desderi, mimi nikaolewa na mdogo wake Desderi, Kizito. Nyumba zetu ziliangaliana, na mpaka leo zinaangaliana, ua mmoja katikati na bustani ya matuta ya duara yale ya kufukia majani, tukilima maharage kila mtu upande wake. Kwa watoto wangu Skola ni mama mkubwa, na kwa watoto wake mimi ni mama mdogo. Ndivyo ilivyo kwa kila mtu, sikatai, ila neno hilo "mkubwa" limenikera maisha yangu yote. Akipika, wake ni ugali mkubwa. Akicheka, chake ni kicheko kikubwa. Alizaa Anjela, Sabasi, Melkiori, Tekla, Filbert na Prisca, wote wazima, wote wanene, wakati mimi nilikuwa sijapata hata wa kumbatiza. Kwa nini sikuzaa, hayo ni ya kwangu na Kizito na Mungu, siyaandiki.

Kilichonifanya nishike kalamu, mimi niliyeishia darasa la nne, ni Neema. Neema ni binti wa Felista, anafanya kazi halmashauri kule Namanyere, ameolewa na kijana wa Mbeya anaitwa Ambakisye, mpole, mtu wa kanisani. Wanachukua watoto wawili wawe wao, mtu na mdogo wake, ustawi wa jamii wameshawakubalia. Siku ya pili ya matanga akaja kukaa karibu yangu, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, akatoa simu akaanza kunionyesha picha. Vitanda vya watoto. Kimoja kimetengenezwa kama gari, na matairi.

"Bibi, hiki na hiki, kipi kizuri?"

"Hicho cha gari kinakwenda?"

"Bibi nawe! Kinalaliwa."

"Na wenyewe umeshawauliza?"

"Wana miaka miwili na minne, niwaulize nini?" Akacheka, halafu akashusha sauti. "Unajua mama aliniambia nije nimuulize bibi Skola. Alisema, kabla hujanunua hata kijiko, nenda kwa mama mkubwa, yeye ndiye anayejua. Ndo hivyo tena, nimechelewa."

Nikamwangalia yule mtoto. Nani katika ukoo huu alichukua watoto wasio wa tumbo lake akawalea? Skola? Skola alizaa. Aliyechukua ni mimi. Aliyenunua ni mimi, aliyekosea kununua ni mimi, na anayetumwa kuulizwa ni Skola aliyelala kaburini na udongo haujakauka! Basi Neema, jibu lako hili hapa. Soma mpaka mwisho, na ukimaliza mpe mama yako asome.

Mwaka ninaousema, mimi na Kizito tulikuwa bado vijana, yeye fundi seremala, mikono yake inanuka mbao hata Jumapili. Wenzangu wote niliokuwa rika lao walikuwa mama fulani. Mama Anjela. Mama Gaudensi. Mimi nilikuwa Pudensia tu, kama mtoto wa shule anayeitwa kwenye daftari la mahudhurio. Watu wakija uani wanasalimia, "Mama Anjela hajambo? Pudensia, hujambo?" Hawakuwa na ubaya. Mimi ndiye niliyekuwa nasikia. Basi Sista Ludovika, aliyekuwa anatunza watoto yatima kwa masista, akatuambia baada ya misa kwamba kuna wawili wa mama mmoja, msichana na mvulana, wadogo, wazazi wote wamekufa, ndugu hawakuonekana. Tungependa kuwapokea? Kizito akajibu ndiyo kabla sijafungua mdomo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hilo moja alilitoa upesi.

Nikaingia kazini. Chumba cha mashariki nilikipaka udongo mweupe ndani na nje, nikakisugua sakafu mpaka kuku wakaogopa kuingia. Kizito akachonga vitanda viwili, kimoja cha msichana na kimoja cha mvulana, vichwa vyake vimechorwa maua. Tulipouza maharage nikapanda lori asubuhi kwenda Sumbawanga mjini, nikaenda moja kwa moja kwenye duka la mama mmoja wa Mbeya, Mama Tumaini, mke wa karani, mwanamke msafi, viatu vyake vina kisigino. Nikamweleza. Akashika kifua.

"Mtoto wa kuletewa, dada yangu, lazima akute kila kitu kipya. Na kila mtu na chake. Asijione ameokotwa."

Neno hilo likaniingia. Kila mtu na chake. Nikanunua magodoro mawili ya sponji, sahani mbili za bati zenye waridi, vikombe viwili, mashuka meupe. Nikanunua mablanketi mawili mepesi ya rangi ya anga yenye picha za sungura, mazuri, kuyagusa kama manyoya ya kifaranga. Nikanunua viatu jozi mbili kwa kukisia, gauni la lesi, na chandarua, mimi ninayekaa Ufipa ambako mbu mwenyewe anatetemeka kwa baridi. Mwisho Mama Tumaini akashusha kutoka rafu ya juu mdoli mweupe wa plastiki, nywele za dhahabu, ukimlaza anafumba macho, ukimwinua anafumbua. Nikaona hapo sasa nimemaliza. Skola hajawahi kumnunulia hata Prisca mdoli kama huyu.

Nilipofika, Skola alikuwa uani anapepeta. Akaacha ungo, akaja kufunua kila kifurushi, kwa mikono ile ile ya unga.

"Mdogo wangu, unapokea watoto au unafungua duka?"

"Wakute vitu vipya, dada. Wasijione wameokotwa."

"Na hii neti? Unataka kuvulia migebuka?" Akacheka kile kicheko chake, Anjela na Tekla wakacheka, hata Desderi aliyekuwa ndani nikamsikia anakohoa kicheko. Halafu akamwinua mdoli, akafumbua macho, akamlaza, akafumba. Akanirudishia upesi. "Huyu mfiche kwanza," akasema, na hakucheka tena.

Wivu huo, nikajiambia. Hana kwake kitu cha namna hii. Kesho yake bombani nikiwa nyuma ya foleni nikamsikia Oliva, jirani yetu wa upande wa bondeni, anamwambia mwenzake, "Pudensia amenunua kila kitu, bado mtoto tu." Wakacheka kidogo kidogo. Nikajaza ndoo yangu, nikajitwika, nikapita katikati yao kama sikusikia.

Lazima nieleze jambo moja la hapa kwetu, maana Neema amekulia kwenye gesi. Moto wa jikoni kwetu hauachwi ufe ovyo, hasa miezi ya baridi. Ukifa, unakwenda kwa jirani na kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika, unapewa makaa, unarudi nayo. Na jiko la mwanamke haliingiliwi. Anayefukua majivu yake ni yeye mwenyewe au binti yake. Wiki ile ya maandalizi mvua ilinyesha, moto wangu ukazima, Skola akamtuma Anjela na makaa. Mtoto akafika mlangoni akasimama.

"Ingia mama uniwashie, mikono yangu ina udongo."

"Mama mdogo, naweka hapa." Akaweka kigae kizingitini. "Siwezi kuingia. Si jiko letu."

Alikuwa mtoto mwenye adabu, alisema kweli. Lakini nilipoinama kukiokota kile kigae niliona nitakufa ninaokota mwenyewe.

Wakaletwa mvua zikiwa nyingi, gari la masista likakwama kwenye tope pale kwa Oliva, ikabidi tuwabebe. Nilimbeba msichana. Nilitegemea mtoto wa miaka mitatu, nikapewa wa miaka sita, mifupa mitupu, miguu inaning'inia mpaka magotini pangu. Huyo ndiye Felista. Mdogo wake, Deo, aliyekuwa na kama miaka mitatu, alibebwa na Kizito. Sista Ludovika alikaa kidogo, akaonyeshwa chumba, vitanda, sahani zimepangwa mezani, lesi limetundikwa. Akatikisa kichwa taratibu.

"Umejitahidi, Pudensia. Nitakuja ulezi ukishavunwa. Nikiona wametulia, tunaandika, wanakuwa wenu. Wasipotulia, nitawatafutia pengine. Sitaki uumie, ndiyo maana nakwambia mapema. Mimi siangalii vitanda. Naangalia mtoto akiogopa anakimbilia wapi."

Vile viatu havikuingia. Vya Felista vilikuwa vya mtoto kama Deo, vya Deo vilikuwa vya mdoli. Mdoli mwenyewe nilimtoa jioni ile ile, nikamlaza mikononi mwa Felista, akafumba macho, na yule mtoto akatoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu. Akamweka chini polepole, akamfunika na gauni la lesi mpaka usoni. Alikuwa amemfunika hivyo mtu mwingine, si zamani. Hapo ndipo nilipomwelewa Skola, na kumwelewa kukaniongezea hasira. Alijuaje? Kwa nini ajue yeye?

Kula walikataa. Niliwapakulia, kila mtu na sahani yake yenye waridi, kila mtu na kiti chake. Wakatazama sahani, wakatazamana. Kwa masista walikula watoto wengi kwenye sinia moja, mkono kwa mkono, na wale wakaona wametengwa. Wana kosa gani mpaka watengwe? Vitandani ikawa vile vile. Niliwalaza kila mtu kwake, nikawafunika na sungura wangu, asubuhi nikawakuta sakafuni wamejikunja pamoja kama watoto wa mbwa, mablanketi yote mawili juu yao na bado midomo ya bluu. Na nyumba ilikuwa kimya. Nilikuwa najivunia ukimya ule, nyumba safi, tulivu. Kumbe kwa mtoto aliyezoea kulala katikati ya pumzi za wenzake ishirini, ukimya ni kama shimo. Wanakaa kwenye ukingo wa kitanda wanasikiliza. Na walichokuwa wanasikiliza kilitoka ng'ambo ya ua: Sabasi anampiga Melkiori, Prisca analia, Skola anawatukana wote kwa Kifipa, sufuria inaanguka.

Siku ya tatu au ya nne wakavuka. Sikuwaona wakienda. Nilikuwa nimepika wali, wali wa sikukuu, nikageuka hawapo. Nikazunguka nyuma ya jiko la Skola, ukuta wake ulikuwa wa miti na udongo umebanduka, mtu ukisimama kwenye migomba unasikia kila kitu kama uko ndani. Nikasimama.

"Nani ana mkono mrefu hivi kwenye mboga?" Ni Skola. "Nilizaa sita, mbona leo naona mikono minane? Anjela, hebu niambie, nilizaa wengine nikasahau?"

"Ulizaa hawa kwenye maharage, mama."

"Ahaa! Wametoka kwenye maharage! Ndiyo maana wanayamaliza ndugu zao!"

Watoto wakapasuka kicheko, na katikati ya kicheko kile nikasikia kimoja kigeni, chembamba, kinakatika katika kama kinajifunza. Kilikuwa cha Felista. Mara yangu ya kwanza kusikia mwanangu anacheka niko nje ya jiko la mwanamke mwingine, nimeshika mgomba. Nimeolewa, nimezika mume, nimezika wazazi, sijawahi kuumwa na kitu kama kile kicheko.

Nikanunua zaidi. Ndiyo Neema, badala ya kuacha nikaongeza. Nilimtuma Kizito mjini akaleta redio, ili nasi tuwe na kelele. Watoto wakaisikiliza dakika chache, wakaenda kuwaita akina Filbert waje kuiona, halafu wote wakaondoka pamoja, redio ikabaki inaniongelesha mimi habari za bei ya mbolea. Nikanunua biskuti. Walizipokea kwa mikono miwili, wakapiga goti vizuri, wakavuka ua nazo kwenda kugawana. Skola akanipazia sauti kutoka mlangoni kwake, "Mama mdogo, asante kwa biskuti!" Asante! Nikatamani ardhi ipasuke, yeye aingie. Samaki wa Kasanga wakija mnadani nilichagua wanono, Skola alipika dagaa za mwisho wa gunia, na watoto walikula dagaa. Ulezi ulikuwa unaanza kubadilika rangi shambani. Kila nikiutazama naona gari la Sista linapanda mlima.

Siku moja Kizito alinikuta nimekaa mbele ya sahani zile mbili, chakula kimepoa.

"Nenda nawe," akasema.

"Niende wapi?"

"Kwa shemeji. Si ndiko waliko?"

"Nikafanye nini kwa Skola? Nikaombe watoto wangu?"

"Ukale."

Nilimtukana, sikumbuki tusi gani. Lakini kesho yake jioni nilijifunga kitenge nikavuka. Wakageuka kunitazama nilipoingia. Skola hakuonyesha mshangao hata wa ukope. "Karibu, mdogo wangu. Filbert, sogea, mpishe mama yako mdogo." Nikakaa chini sakafuni, magoti yangu yakagusa ya Deo upande mmoja na ya Tekla upande wa pili, nikanawa, nikaingiza mkono kwenye lile sinia lake lililobonyea. Na maharage yake yalikuwa matamu kuliko yangu. Naliandika hilo kwa sababu amekufa. Angekuwa hai nisingeliandika.

Nikawa naenda kila siku. Mchana nafanya kazi zangu, alasiri naacha jiko langu, navuka. Nilikaa pale kama mgeni asiyejua kuaga, nikimwangalia Skola anavyomfuta Deo kamasi kwa ukingo wa kanga bila hata kumtazama, anavyomwambia Felista "wewe, lete mwiko" kama amemwambia hivyo tangu azaliwe. Mimi nilikuwa nikitaka kumwambia kitu nakipanga kwanza kichwani. Siku moja Deo alisinzia, akaanguka upande wangu badala ya upande wa Prisca. Alikosea tu, najua. Sikujisogeza mpaka mguu ukafa ganzi. Skola akaona. "Tekla, Prisca," akasema, "leo mkalale kwa mama mdogo. Nyumba yake kimya kama ya padri, watoto wanaogopa." Akatoa na blanketi lake zito la kijivu, linanuka moshi na mkojo wa watoto sita. Wakalala wanne chini ya blanketi moja, kwenye kitanda kimoja, wakipigana mateke na kucheka. Kitanda cha pili tuliweka gunia la maharage. Ndiyo usiku wa kwanza hakuna aliyelala sakafuni, na nililala macho wazi nikifikiri: hata kelele nimeazima kwake.

Ulezi ukavunwa. Baridi ilikuwa imeingia hasa, majani asubuhi meupe kwa jalidi. Alasiri moja tuko jikoni kwa Skola, mimi nachambua mboga, yeye anasonga ugali, watoto wote wako nje, tukasikia gari. Mimi nililijua kwa mngurumo. Watoto nao walilijua. Nikasikia mbio uani, na moyo wangu ukasema, sasa, wanakimbilia wapi?

Walikimbilia kule jikoni tulikokuwa. Deo akapita kama jiwe la kombeo mpaka mapajani kwa Skola, akaficha uso kwenye kanga. Felista akasimama katikati, kati ya kigoda cha Skola na changu. Akamtazama yule, akanitazama mimi. Na Sista Ludovika akawa ameshafika mlangoni, ameinama chini ya nyasi za paa, anaona yote.

"Felista mwanangu, hujambo? Mama yako yuko wapi?"

Mtoto kimya. Nami ningesema nini? Mimi hapa? Mtoto hafundishwi mbele ya shahidi. Nikamtazama Skola. Deo alikuwa ameshamkumbatia. Angesema neno moja tu, au asiseme lolote, aendelee tu na ugali wake, Sista angeelewa anavyoelewa, na wale watoto wangekuwa wa nyumba ile ambamo tayari walikuwa wanakula, wanacheka. Na Skola aliwataka. Usiniambie hakuwataka. Nilikuwa nimemwona anavyomnusa Deo utosini.

Hakuinua uso. Aligeuza ugali upande mmoja, akaugeuza upande wa pili.

"Felista," akasema, "hebu kaangalie moto wa mama yako kama haujazima. Toka mchana umekaa peke yake."

Basi. Mtoto akageuka akatoka mbio. Tukasikia miguu yake inavuka ua, tukasikia mlango wangu, halafu sauti ile nyembamba ikapaa hewani kijiji kizima kisikie:

"Mama! Mamaa! Moto umezima!"

Hakuwahi kuniita hivyo. Hakuwahi kuniita chochote. Nilisimama, mboga zikamwagika. Skola alikuwa ameshapakua makaa kwenye kigae. Hakumwita Anjela, alinipa mimi mkononi. Akamtoa Deo kwenye kanga yake kidole kwa kidole, akamsimamisha. "Mfuate dada yako," akamwambia. Nikavuka na moto, Deo nyuma yangu ameshika kitenge changu, Sista nyuma ya Deo. Tulimkuta Felista amepiga magoti kwenye mafiga yangu, anafukua majivu kwa mikono yote miwili, uso mweupe kama mzimu.

"Sista," nikasema, "chai itachelewa. Moto umezima."

"Nimesikia," akasema. Akavuta kigoda, akakaa. "Nitasubiri."

Wiki ile ile bombani Oliva akanisalimia Mama Felista. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, nilirudi nyumbani na ndoo inacheza kichwani. Lakini ndani ya furaha ile kulikuwa na mchanga, na upo mpaka leo. Wengine huwapata watoto wao kwa uchungu. Mimi nilipewa, na aliyenipa alikuwa anasonga ugali, hakuacha hata mwiko. Alinipa kama mtu anavyompa jirani chumvi. Na hakulisema tena. Tuliishi ua mmoja miaka yote ile, tukagombana kwa kuku, kwa mpaka wa matuta, kwa Kizito na Desderi kunywa pombe ya ulezi mpaka wakaimba, na hata siku ya hasira kali kabisa hakuwahi kunitupia neno lile. Angejisifu hata mara moja ningepata pa kumchukia vizuri. Alininyima hata hilo.

Kwa hiyo Neema, kitanda cha gari acha. Viatu usinunue mpaka miguu ifike nyumbani. Mdoli usinunue, hujui mtoto ameona nini. Sahani za kila mtu na chake zitakuja zenyewe wakianza kugombana, na wakigombana ujue wametulia. Nguo watakazokuja nazo, hata kama ni matambara, usizitupe, ziache mahali watakapoziona. Nunua blanketi moja, kubwa, zito, Namanyere nako kuna baridi. Nunua sinia pana. Na hamia mahali penye watoto wengi na makelele. Nilipomwambia haya kwa mdomo pale matangani alicheka.

"Sasa bibi, jirani wa namna hiyo nitamtambuaje?"

"Utamtambua. Ni yule utakayeona watoto wako wanacheka kwake. Wewe utamchukia."

"Bibi jamani! Nimchukie, halafu?"

"Halafu uende ukale kwake."

Jana matanga yameanuliwa. Watu wameondoka, Deo ameondoka na lori lake alfajiri, Neema amerudi Namanyere. Felista alibaki ng'ambo kwa Skola na Anjela na Tekla, wanaosha masufuria ya msiba. Mimi nilikaa jikoni kwangu peke yangu, jua linazama, moto wangu unawaka vizuri tu. Nikaanza kuwasikia wanacheka. Wanakumbushana mambo ya mama yao, nadhani, mikono minane, watoto wa kwenye maharage. Kicheko cha Felista sasa ni kinene, lakini nakijua. Nikasikiliza. Maji ya kuoshea vyombo yalikuwa kwenye beseni hapo karibu na mguu wangu. Nikayamwaga mafigani.

Baada ya muda mlango ukafunguliwa. "Mama, mbona giza? Baridi hii na moto umezima!" Akapiga magoti, yeye na mwili wake ule, akafukua majivu. Akapikicha vidole. "Yamelowa."

"Paa linavuja," nikasema.

Sasa hivi ni mwezi wa saba, kiangazi. Felista akatazama paa, akanitazama mimi, muda mrefu kidogo. Halafu akachukua kigae pale kinapokaaga, akavuka ua kwenda kuomba moto kwa Skola. Nikamsikia Anjela anamuuliza moto ni wa nani.

"Wa mama," akajibu.